Mafuta ya Baba na Vidonge Vyangu

Baba yangu anauza mafuta ya alizeti yasiyo na jina. Ana meza yake kando ya barabara, huku kwetu Unyambwa, na juu yake amepanga madumu ya njano na chupa za maji ya kunywa zilizooshwa zikajazwa mafuta. Watu wa mtaani hawamsumbui. Wagumu ni wenye magari madogo. Wanashusha kioo, wanalitazama dumu, wanauliza ni mafuta ya kampuni gani.

"Ya kampuni ya mvua," baba huwajibu. Kisha humtoneshea mteja kiganjani, mteja analamba, na hotuba inaanza. Kwamba zile chupa za dukani zenye picha ya ua la alizeti, yeye anaijua mashine iliyozikamulia, na ni hiyo hiyo iliyokamua haya. Kwamba wenzake wamebandika karatasi na yeye hakubandika. "Sasa mwanangu, wewe unakaangia samaki mafuta au karatasi?" Humalizia kwa kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mteja anashuka kufungua buti.

Hotuba hiyo naijua kama ninavyoijua Alhamdu. Ndiyo maana mambo ya vidonge vyangu yaliniuma kichwa kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Nina kifafa. Kilinianza darasa la sita, tukiwa mstarini asubuhi, na nilipozinduka niliona viatu vya walimu vimesimama mbali, kila mmoja anaogopa kunigusa. Aliyeninyanyua ni baba, aliyekuja mbio mikono imejaa mafuta. Tangu siku ile akajipa kazi ya pili, ya kuniangalia. Tukiwa nyumbani, harusini, hata msibani, atatafuta kiti kinachonielekea. Anaongea na watu, anacheka nao, lakini macho yako kwangu. Nikikohoa ananyanyuka. Nikiinama kuokota sindano ananyanyuka. Nimemaliza shule, nimesomea ushonaji, nimeshona sare za watoto wa mtaa mzima, na yale macho bado yapo. Sitasema uongo, kuna siku yalinichosha mpaka nikatamani kumgeuzia kiti mwenyewe.

Na moto nilikatazwa. Hilo nililielewa, kwa sababu mtu wa kifafa na jiko la kuni ni maadui wa kweli. Lakini kwenye shughuli, mwanamke asiyekaribia moto hupewa vitunguu. Nimemenya vitunguu vya harusi zote za mtaani kwetu. Nimemenya vya watu ambao sasa wameshaachana, na kama ningedai vitunguu vyangu virudishwe, pangekuwa na kesi.

Sasa nyumbani kwetu kuna sheria moja ya bibi. Bibi mzaa baba alitoka Pangani akamfuata babu huku bara, Mnyaturu mfanyabiashara, na alichokuja nacho ni bizari, ulimi mkali na utaratibu huu: pilau ya harusi ya binti hugeuzwa na dada yake mkubwa. Wapishi wengine watasaidia, watachochea, watapakua, lakini vitunguu vya kwanza kuingia kwenye mafuta ni mkono wa dada. Bibi anasema dada asipofanya hivyo ni kama amemtoa mdogo wake mlangoni bila kumuaga. Mimi nina mdogo mmoja wa kike. Alipoletewa posa, kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, hakikuwa bwana harusi. Kilikuwa mwiko.

Bibi akalisema siku hiyo hiyo, wageni wakiwa bado wanavaa viatu. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye jemadari wa majiko yote ya ukoo wetu, akaguna. "Mama, huyu na moto?" Wakabishana, na mama yangu akabishana nao Kinyaturu, lugha anayoihifadhi kwa hasira. Mwisho baba akakata shauri.

"Akikaa mwaka mzima bila kuanguka, mwiko ni wake. Akianguka, atageuza mtoto wa shangazi yake. Sitaki kusikia tena."

Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya alizeti ya mwaka unaofuata. Nikapiga hesabu zangu nikaona mwaka unatosha na kubaki. Nikaanza kutembea kama nimebeba mayai.

Dawa niliyokuwa nikimeza wakati ule ilikuwa ya boksi. Baba mdogo, anayefanya biashara Dar es Salaam, alikuwa akiinunua huko na kuituma kwa basi. Boksi lenyewe lilikuwa na jina la dawa kwa herufi za dhahabu, na ndani vidonge vimepangwa kwenye karatasi inayong'aa. Baba alilipenda lile boksi. Akilipokea stendi alilishika kwa mikono miwili. Hospitali ya mjini walikuwa na vidonge vya ugonjwa huo huo, vyeupe, vinavyotolewa kwenye kopo na kutiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu umeze vingapi na mara ngapi. Baba hakutaka kuviona.

"Dawa haina hata jina," alikuwa akisema.

"Kama mafuta yako," nilimjibu siku moja.

"Mafuta hayaendi kwenye ubongo," alisema, na hapo alikuwa amesema kweli.

Shida ya dawa ya boksi ilikuwa moja tu. Ilisafiri. Baba mdogo akiugua, boksi linachelewa. Duka likiishiwa, boksi linachelewa. Mwezi mmoja baada ya ile posa, likachelewa kweli kweli, na mama akafanya kama anavyofanya sukari ikikaribia kwisha: akapunguza. Asubuhi nimeze, jioni niache, ili vifike mbali. Wote tuliona ni akili. Hata mimi niliona ni akili.

Nikaanguka uani mchana kweupe, juu ya turubai la alizeti zilizoanikwa. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, mama ameshika kichwa changu, nina alizeti mpaka masikioni, na kuku wanadonoa kunizunguka kama nimewaandalia wao. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ananitazama.

"Angalau umechagua pasafi," alisema.

Nilicheka, halafu nikakumbuka mwiko, nikalia. Mwaka ulikuwa umeanza upya. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na aliyekuwa karibu kuliko wote kupokea hasira hizo alikuwa jogoo mmoja mwekundu. Kumbuka jogoo huyo.

Baba alinipeleka kliniki kesho yake, amebeba boksi tupu mfukoni kama ushahidi. Muuguzi wa kliniki ya kifafa ni mama mmoja mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayejua kwamba foleni ni ndefu na haitaisha kwa kukimbizwa. Akamwamkia baba shikamoo, akatusikiliza mpaka mwisho. Akalichukua lile boksi.

"Mzee, haya maandishi makubwa ya dhahabu ni jina lililotolewa na kiwanda. Soma hapa chini, haya madogo."

Baba akavaa miwani, akasoma kwa kufuatisha kidole. Muuguzi akaleta kopo la hospitali na kumwonyesha. Maneno yale yale, nguvu ile ile.

"Yanafanana," baba alikubali. "Lakini hata mtu na mwizi wake wanaweza kuitwa jina moja."

Muuguzi akacheka. Akasema hamlaumu. Dawa ya boksi ni nzuri, na ya kopo nayo imepimwa. Mtu aliyetulia na dawa fulani, na anaipata bila shida, wao hawamwondoi kwenye dawa hiyo ovyo, kwa sababu ugonjwa huu haupendi kubadilishiwabadilishiwa. "Lakini kilichomwangusha binti si jina la dawa. Ni zile siku ambazo hakumeza. Chagueni moja ambayo ataipata kila mwezi bila kukosa, akae nayo. Boksi mnalosema linafika leo jioni, aendelee nalo kwanza, halafu wiki ijayo mje mniambie."

Baba akaomba kidonge kimoja cha kopo akakiangalie nyumbani. Muuguzi, akidhani ni utani wa wazee, akampa.

Hakuwa anatania. Boksi lilipofika, alichukua kidonge kimoja humo na kile cha kopo, akaketi uani kuvipima kama anavyopima mafuta. Akavinusa. Akavigusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso mara mbili sawasawa. Kisha akatia kila kimoja kwenye bilauri ya maji, akaviweka kwenye ukuta mfupi wa jikoni ili aone kipi kitayeyuka vizuri, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, bilauri moja ilikuwa imeanguka na jogoo mwekundu alikuwa anakunywa kilichobaki chini.

"Amekunywa ipi?" baba aliuliza.

Hakuna aliyejua. Baba akavuta kigoda, akamtazama jogoo alasiri nzima, vile vile anavyonitazama mimi. Jogoo akapepesuka kidogo, akapata kivuli, akalala amefumba macho, hakuwika mpaka asubuhi ya siku iliyofuata.

"Kifafa hana," mama alisema akipita na ndoo. "Kwa hiyo dawa inafanya kazi."

Baba hakuona cha kuchekesha. Wiki ile alikuwa mtu wa mawazo, chai inapoa mbele yake. Ninajua alichokuwa anakiogopa. Aliogopa kwamba akikubali vidonge vya kopo, nami nikaanguka tena, pengine mahali pabaya, itakuwa yeye ndiye aliyenipunguzia. Lile boksi la dhahabu lilikuwa namna yake ya kusema kwamba kwangu habani chochote. Nililijua hilo, na ndiyo maana sikuweza kumgombeza kama nilivyotaka.

Tuliporudi kliniki, baba alikuwa amepata suluhu, na ilikuwa suluhu ya muuza mafuta. Mafuta ya msimu mpya yanapoingia, ladha yake huwa tofauti kidogo na ya msimu uliopita, na ili wateja wasishtuke, yeye huchanganya nusu kwa nusu mpaka ndimi zao zizoee. "Kwa hiyo," akamwambia muuguzi kwa heshima zote, "asubuhi ameze ya boksi, jioni ya kopo. Tukikosa moja, ipo nyingine."

"Mzee wangu," muuguzi alisema, "huyu si dumu."

Akamweleza taratibu. Leo hii na kesho ile, kwa matakwa yetu wenyewe, huko ndiko kurukaruka alikokukataza. Kama tunahama, tunahama mara moja, daktari anaandika kipimo, na wao wananifuatilia kwa karibu miezi ya mwanzo. Nikiona kizunguzungu, usingizi, chochote, nirudi. Na siku nikipewa kidonge chenye sura tofauti, niulize kabla ya kumeza. Kisha akageuza kiti chake akanitazama mimi.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilimtazama baba kwanza, kwa mazoea. Toka darasa la sita nimeulizwa nimelala vipi, nimekula nini, nimeanguka lini. Kuulizwa ninataka nini ilikuwa mara ya kwanza.

"Nataka ile isiyopanda basi," nilisema.

Muuguzi akaandika. Baba akalichukua boksi lake mezani, akalirudisha mfukoni.

Siku kadhaa alikuwa ananitazama kuliko kawaida. Hakuwa amenuna, baba hajui kununa, ila alikuwa anangoja nianguke. Mimi nami nilikuwa na usingizi wa dawa mpya, nikishona nasinzia, na kila nikisinzia alidhani ndiyo yenyewe. Nilishona mguu wa suruali ukafungwa chini. Mteja alikuja kujaribu, mguu ukagoma kutoka, tukacheka mpaka tukakaa chini, na baba kutoka mezani kwake akasimama kutazama kuna nini.

Siku moja nilikuwa nimempelekea chai pale barabarani, nikakaa naye. Kibahasha changu kilikuwa juu ya meza kwa sababu nilikuwa nimetoka kukichukua hospitali. Gari moja jeupe likasimama. Dada mmoja wa mjini akashusha kioo, akalitazama dumu.

"Haya mafuta hayana hata jina," alisema. "Nitajuaje kama ni mazuri?"

Baba akavuta pumzi ya hotuba. "Mwanangu, zile chupa za dukani, mimi naijua mashine iliyo..." Macho yake yalikuwa yameangukia kwenye kibahasha. Mimi nikatazama barabara, nikanywa chai yake, sikusema kitu, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza kule kulinigharimu.

"Naijua mashine," baba alirudia polepole, sasa sijui anamwambia nani. "Ni ile ile. Wenzangu wamebandika karatasi. Mimi sikubandika." Akamtoneshea yule dada kiganjani. Dada akalamba, akanunua madumu mawili. Gari lilipoondoka baba alikaa akakuna kidevu.

"Bibi yako atasema nini akisikia?" aliuliza.

"Atasema nyani haoni kundule."

"Basi asisikie."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeniletea maji ya kumezea kidonge cha kopo. Bibi alisikia, bila shaka. Nilimwambia mimi kabla maji hayajashuka tumboni, na alilisema alilolisema, mara nyingi, kwa furaha.

Mwaka ukaenda. Usingizi ulinitoka, nikarudi kuwa na maneno yangu. Kila mwezi nilikwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, na dawa ilikuwepo. Boksi la dhahabu baba alilikabidhi kwa mama, akatia humo vifungo na pini. Sikuanguka. Niliogopa hata kulitamka neno hilo kwa sauti, nisije nikaliita.

Halafu upande wa bwana harusi wakaleta ujumbe. Walitaka harusi isogezwe, iwe kabla ya Ramadhani. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na shangazi wa kusafirishwa na nyumba ya kupangisha. Lakini mimi niliposikia tarehe nilihesabu miezi kwa vidole. Mwaka wangu ulikuwa haujatimia. Ulibaki mdogo tu, lakini ulibaki, na baba alisema mwaka mzima.

Shangazi hakuchelewa. "Kaka, ulilisema mwenyewe mbele yetu. Mwaka. Mwanangu atageuza, huyu atamsaidia vitunguu." Aliposema vitunguu nilisimama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia shangazi kuhusu vitunguu, mengine si ya kumwambia mtu mzima. Mdogo wangu akanishika nguo kwa nyuma akaniketisha.

Baba alikuwa anatazama mikono yake. "Nilikwenda kliniki jana," alisema. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo. "Nilimuuliza yule mama kama anaweza kuniahidi kwamba huyu hataanguka. Akasema hawezi. Akasema hata angekaa miaka mitatu, ahadi hiyo hayupo wa kunipa. Akasema huyu anaendelea vizuri, na akisimama motoni asisimame peke yake." Akamgeukia dada yake. "Kwa hiyo wewe utasimama pembeni yake, ubavuni kabisa. Mwiko ni wake."

"Na mwaka?" shangazi aliuliza.

"Mwaka niliutaja mimi. Haukutoka kwa Mungu."

Siku ya harusi nilimeza kidonge changu alfajiri na maji ya mtungini, nikafunga kanga mbili kiunoni zikakaza. Masufuria yalikuwa yamepangwa uani juu ya mafiga, moto umeshika. Shangazi alisimama ubavuni kwangu karibu mno, mpaka nilikuwa nasikia anavyopumua. Mafuta yalikuwa ya baba, dumu zima, yasiyo na jina. Yalipopata moto watoto wakafukuzwa, na bibi akaniashiria kwa kichwa kutoka kwenye kigoda chake. Nikamimina vitunguu. Vilikuwa vimemenywa na mtoto wa shangazi, na ningependa kusema sikulitilia maanani hilo.

Mlio ulipopanda na harufu ikatoka, nikanyanyua macho kumtafuta baba, kama ninavyofanya siku zote, ili nimwonyeshe kwamba nimesimama. Kiti chake kilikuwa pale pale, karibu na ukuta, mahali anapoweza kuniona. Lakini alikuwa amekigeuza. Alikuwa ameelekea kwa wanaume wenzake upande wa turubai la wageni, anawaeleza habari za mashine ya kukamua, mikono inapanda na kushuka. Nilikuwa naona mgongo wake tu.

Nilisimama na mwiko hewani. Nikagundua kwamba mgongo wa baba siujui. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imepasuka zamani chini ya bega la kulia na mama akaishona kwa mkono, mshono wa kupinda, uzi wenyewe si mweupe sawasawa. Mimi fundi cherehani, naishi naye nyumba moja, na sikuwahi kuuona.

"Vitunguu," shangazi alisema.

Nikageuza vitunguu.